Kosa la Kupiga Makofi Kidahwe

Dismasi alikuwa dereva wa lori, na kama madereva wengi wazuri, alikuwa mtu wa kuchosha. Asubuhi kabla ya kuwasha gari alilizunguka, akayapiga matairi teke la kisigino, akachungulia uvunguni, akanusa mafuta ya breki, akafuta taa kwa kipande cha kitenge cha mkewe. Akishamaliza, alilizunguka tena, safari hii akianzia upande wa pili. Watu wa Mwandiga, alikokuwa na nyumba, walisema ukipewa lifti na Dismasi utachelewa msiba lakini hutakuwa wewe unayezikwa. Yeye alisikia hayo akadhani anasifiwa, na kusema kweli alikuwa anasifiwa.

Miaka ile barabara ya Kigoma kwenda Kasulu haikupumzika. Warundi walikuwa makambini kwa maelfu, na chakula chao kilishuka stesheni ya treni Kigoma, kikapakiwa kwenye malori, kikapandishwa juu. Dismasi alibeba mahindi, maharage, chumvi na mablanketi mwaka hadi mwaka, kwenye Fuso ya Mama Wema, mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi. Mama Wema alilinunua lori lile kwa faida ya dagaa, na jua likiwaka sana lori lenyewe lilikuwa halifichi asili yake. Kisha Burundi ikatulia, au tuseme ikasemekana imetulia, na malori yaleyale yakaanza kubeba watu kuwarudisha kwao. Hapo shirika lililosimamia misafara likagundua kwamba watu si mahindi. Likaleta kanuni, likaleta fomu, likaleta na wakaguzi.

Mkaguzi wa geti la Kidahwe aliitwa Feliksi. Alikuja na treni kutoka huko mashariki, mtu wa makamo, suruali imepigwa pasi hadi inakata, na nyundo ndogo ya kugongea matairi ambayo hakuwahi kumwazima mtu. Nisimsingizie: mla rushwa hakuwa. Angekuwa mla rushwa, mambo yangekwisha siku ileile na mimi nisingekuwa na la kusimulia. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Alikuwa anaiamini fomu kuliko macho yake.

Siku ya kosa, Dismasi alikuwa anapandisha gari tupu kwenda kambini. Kanuni ya geti ilikuwa hivi: dereva afike, asimame, avute breki ya mkono, aache injini inanguruma ili mkaguzi apime taa, wipa na honi, na asithubutu kushuka mpaka aambiwe. Dismasi akafika, akasimama, akavuta breki ya mkono mpaka ikalia, akaacha injini ikinguruma, akatulia kitini. Ungedhani ni yeye aliyezitunga zile kanuni.

Tatizo lilikuwa kando ya geti. Pale, juu ya kigoda, chupa za mawese zimepangwa mbele yake, alikaa Shangazi Marcelina, dada wa marehemu baba yake Dismasi. Bibi huyu alikuwa amehamishia biashara yake hapo siku aliyosikia kwamba malori yanalazimishwa kusimama.

Sasa hapa ngoja nieleze jambo ambalo Muha, mwenyeji wa huku Kigoma, haelezwi. Kwetu mkubwa hasalimiwi kwa mdomo mtupu. Unashuka kwenye ulichopanda, unainama, unapiga makofi. Si makofi ya kumshangilia diwani, la hasha. Ni ya viganja vilivyokunjwa kidogo, polepole, laini, na unayapiga huku unauliza na kuulizwa habari za nyumba, za mke, za watoto, za wakwe, za shamba, za mifugo, mpaka muwafikie na waliokufa. Mgeni akituona husema tunapoteza muda. Basi tupoteze, muda ni wetu.

Dismasi akamwona shangazi yake, na shangazi yake akamwona. Kanuni ilisema asishuke. Kumsalimia shangazi huku umekaa juu, yeye yuko chini, ni utovu wa adabu. Kumsalimia huku umekaa juu na mkono mmoja umeshika usukani, hilo sasa ni tusi. Dismasi akachagua dhambi ndogo. Alitoa kichwa na kifua nje ya dirisha mpaka kofia ikamdondoka, akatoa mikono yote miwili, akapiga makofi.

"Mwakeye, Shangazi!"

"Mwakeye, mwanangu. Mwakeye neza. Wa nyumbani hawajambo?"

Ikaanza. Walikuwa hawajaonana tangu masika, kwa hiyo habari zilikuwepo. Walipofika kwa yule mbuzi mweusi aliyezaa mapacha, Feliksi alitokea upande wa mbele wa gari na ubao wake wa kuandikia. Akainua macho. Akaona usukani hauna mtu, injini inanguruma, na dereva nusu yake yuko nje ya dirisha anapiga makofi. Alikuwa hajamaliza mwezi Kidahwe. Akaandika, akang'oa nakala, akampa Dismasi.

"Nini hii?" Dismasi akauliza.

"Kuachia usukani kwa mikono yote miwili gari likiwa mwendoni," Feliksi akasoma. "Kosa kuu. Weka saini hapo chini."

"Mwendo upi?"

"Huo uliokuwa nao."

"Gari limesimama, Bwana Mkaguzi. Hata sasa hivi limesimama."

"Sasa hivi limesimama kwa sababu nimekusimamisha."

Dismasi akaelekeza kidole kigodani. Alikuwa mtu mpole, lakini upole nao una ukuta wake, ukifika huko unarudi.

"Nilikuwa namsalimia shangazi yangu."

"Salamu haimo kwenye fomu," alisema Feliksi. Na kweli haikuwemo. Fomu ilikuwa na tairi kipara, taa iliyokufa, breki legevu, kioo kilichopasuka, dereva mlevi, dereva anayesinzia. Kupiga makofi hakukuwemo, kwa hiyo Feliksi alichukua kosa lililokuwa karibu nalo, kama mtu anayekosa saizi ya kiatu akavaa kinachofuata.

"Sisaini," Dismasi akasema.

"Usiposaini linabaki kosa vilevile."

"Basi libaki bila saini yangu."

Shangazi Marcelina, ambaye alikuwa bado hajajibiwa kuhusu mbuzi, aliacha Kiswahili, akauliza kwa Kiha kama yule bwana ni mgonjwa.

Mpaka hapo unaweza kusema ni kituko tu. Lakini dereva mwenye kosa kuu alikuwa haruhusiwi tena kubeba watu. Angerudishwa kwenye magunia. Na Dismasi alikuwa na mtu mmoja ambaye lazima ambebe.

Mkewe, Lyse, alikuwa Mrundi. Aliingia kambini msichana, akatoka na ndoa, akahamia Mwandiga. Baba yake, Mzee Havyarimana, alibaki kambini, na sasa eneo lake la kambi lilikuwa linafungwa. Msafara wa mwisho wa eneo hilo ulikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mzee alikuwa ameshaikwepa misafara miwili. Wa kwanza alisema tumbo linamkata. Wa pili alisema anamalizia kuvuna karanga, na kambi nzima ilijua mzee hana hata shina moja la karanga. Hakuwa mkaidi. Alikuwa anaogopa magari.

Na alikuwa na haki. Mwaka ule wa kukimbia, walipakiwa kwenye lori, yeye, mkewe, Lyse na majirani. Kwenye mteremko mkali dereva akasikia risasi. Yule dereva akaachia usukani, akafungua mlango, akaruka, akaingia migombani. Lori likateremka na watu wake, peke yake. Mama yake Lyse hakutoka mle akiwa hai. Mzee Havyarimana alitoka, na tangu siku hiyo alipokuwa akiona gari linakuja alitazama kwanza mikono ya dereva.

Alikubali kurudi kwao kwa sharti moja tu: dereva awe Dismasi. "Mkwe wangu hawezi kuruka," alisema. "Ni mzito, na ana haya."

Sasa soma tena lile kosa. Kuachia usukani kwa mikono yote miwili gari likiwa mwendoni.

Lyse alilisoma mara moja, amesimama mlangoni, unga wa muhogo mikononi. Kisha akakaa chini palepale kizingitini.

"Baba Ndizeye," alisema, kwa maana mtoto wao wa kwanza aliitwa Ndizeye, "baba akisikia hili hapandi. Hapandi gari lako, hapandi la mtu yeyote. Watakuja kufunga kambi, wakute mzee mmoja amekaa katikati ya uwanja. Nitamwambia nini?"

"Si kweli hilo kosa."

"Najua si kweli! Umeandikiwa au hukuandikiwa?"

"Nimeandikiwa."

Akalia. Dismasi alikaa naye kizingitini, akampangusa unga mikononi.

Kesho yake alikwenda Kibirizi kumweleza mwenye gari. Mama Wema alikuwa anasimamia dagaa kuanikwa, anawafokea wapagazi watatu kwa wakati mmoja na kila mmoja kwa kosa lake.

"Saini," alisema bila kugeuka. "Saini, rudi kwenye mahindi. Mahindi hayashuki njiani kukojoa, hayatapiki, hayaimbi mapambio. Unahangaika nini?"

"Nitapinga, Mama."

Sasa akageuka. "Unapinga? Nani alishawahi kupinga?"

"Sijui."

"Mimi najua. Hakuna." Akamtazama sana. Alikuwa anajua habari za yule mzee, Kigoma ni ndogo. "Haya, nenda. Lakini vaa shati. Hiyo fulana yako inakukosesha kesi kabla hujafungua mdomo."

Kwenye ofisi ya shirika, mjini, karani alimwuliza anataka fomu gani. Dismasi akasema ya kupinga kosa. Karani akafungua kabati la kwanza, akafungua la pili, akaenda chumba cha nyuma akakaa sana, akarudi na vumbi nywelani. Fomu ya kuomba fomu nyingine ilikuwepo. Ya kubisha haikuwepo. Hatimaye akampa karatasi nyeupe, na Dismasi akaandika kwa herufi kubwa kwamba gari lilikuwa limesimama, na kwamba aliyekuwa akisalimiwa ni shangazi wa kuzaliwa na babu mmoja. Akapangiwa kusikilizwa Jumanne.

Siku zilizobaki hazikuwa nzuri. Habari za kambini haziendi kwa miguu. Jumapili dereva mwenzake aliyeshuka kutoka juu alimletea ujumbe kutoka kwa Mzee Havyarimana, na ujumbe wenyewe ulikuwa maneno mawili: Ni kweli? Dismasi hakurudisha jibu. Angejibu nini? Si kweli, lakini imeandikwa? Mzee alikuwa ameshasikia maneno ya madereva maishani mwake, yakamtosha. Usiku Dismasi alipanga hoja. Angeeleza kuhusu breki ya mkono, ilivyolia. Angeeleza mlango ulivyofungwa. Angechora barabara, geti, kigoda cha shangazi na upande wa jua. Alijisemea hoja zile mpaka Lyse akamwambia kama hatalala yeye, basi awaache wengine.

Jumanne alifika na shati, na Shangazi Marcelina amevaa kitenge cha kanisani. Bibi alikuja na chupa zake, kwa kuwa hakuona sababu ya kwenda mjini mikono mitupu. Mezani walikaa wajumbe wawili ambao kazi yao ilikuwa kumfanya mwenyekiti asiwe peke yake, na katikati yao Mama Skolastika, mwenyekiti, mwanamke wa Kasulu aliyesoma sana, miwani puani, kalamu mkononi. Feliksi alikaa pembeni, ubao magotini.

Mama Skolastika alikuwa amefungua mdomo kusoma shauri, lakini Shangazi Marcelina alimtangulia. Hakuona ajabu, kwani hawezi kuingia kwenye chumba cha watu akakaa tu kama gunia. Akainama, akapiga makofi, akauliza habari za nyumbani kwa mwenyekiti. Mama Skolastika alikaza uso. Alikuwa kwenye kikao, alikuwa na cheo, na mbele yake palikuwa na mgeni wa mashariki. Alivumilia mpaka Shangazi alipouliza habari za mama yake mzazi. Hapo kalamu ikawekwa chini, miwani ikasogezwa juu, na mwenyekiti akapiga makofi akijibu kwamba mama hajambo, ni miguu tu.

Feliksi aliandika kitu.

"Haya," Mama Skolastika akasema salamu zilipokwisha, sauti yake imerudi ofisini. "Bwana Feliksi, tueleze ulichokiona. Chote, tangu gari lilipofika."

Feliksi akasimama. Nakwambia, alisimama vizuri, kama mtu aliyeisubiri siku hiyo. "Mheshimiwa Mwenyekiti, gari lilifika. Dereva akaanza kumsalimia huyu bibi. Zile si salamu, Mheshimiwa, ule ni mkutano wa hadhara. Alimwuliza habari za nyumba. Akaulizwa za mke. Wakaenda kwa watoto, mmojammoja, kwa majina. Wakaingia kwenye maharage, maharage yameshikwa na wadudu. Mimi nilikuwa nafanya kazi yangu, lakini huwezi usisikie. Niligonga matairi ya nyuma yote kwa nyundo, wao wako kwenye maharage. Nikaingia uvunguni kutazama kama kuna mafuta yanavuja, nikatoka, wako kwa mbuzi. Mbuzi mweusi, sijui amezaa mapacha. Nikasema hapana, huyu dereva hayuko makini. Nikaja mbele, nikakuta ameachia usukani."

"Uliingia uvunguni," alisema Mama Skolastika.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Siachi uvungu."

"Na salamu zilikuwa zinaendelea."

"Zilikuwa zinaendelea. Nimesema, maharage."

"Wakati huo gari lilikuwa mwendoni."

"Lilikuwa..." akasema Feliksi.

Mmoja wa wajumbe wawili, ambaye hakuwahi kusema neno kwenye kikao chochote, alikohoa.

"Bwana Feliksi," Mama Skolastika akasema, wala hakupandisha sauti, "ulilala chini ya lori linalotembea?"

Feliksi akatazama ubao wake. Akaigeuza ile karatasi, kana kwamba jibu lingeweza kuwa nyuma. Dismasi, na hoja zake zote za breki ya mkono na upande wa jua, alikuwa hajafungua mdomo hata mara moja, na sasa alianza kuogopa kwamba hatapata nafasi.

"Fomu haina sehemu ya makofi," Feliksi akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. Masikio yake yalikuwa yamewaka. Nami sikumcheka wakati nasikia habari hii, na wewe usimcheke. Alikuwa mtu mkweli aliyeandika uongo kwa mwandiko mzuri, na alikuwa anauona kwa mara ya kwanza.

"Haina," Mama Skolastika akakubali. Akachukua kalamu, akalipiga kosa mstari, akaweka saini. "Limefutwa. Dereva utabeba watu Alhamisi. Ila, kwa kuwa Bwana Mkaguzi ana wasiwasi na mikono yako, atapanda gari lako mpaka mpakani, akae mbele, aitazame. Kikao kimefungwa. Bibi, hayo mawese unauzaje?"

Alhamisi alfajiri kambini palikuwa na ukungu na vilio. Lyse alikuwa amekwenda tangu jana yake kumuaga baba yake. Kuvuka naye hakuweza, kwani Ndizeye na mdogo wake walikuwa nyumbani na surua, na jirani aliyewaangalia aliahidi usiku mmoja tu. Walipomaliza kulia yeye na baba yake, alimfuata Dismasi kwenye lori.

"Kule mpakani," alisema, "umuage na kwa niaba yangu. Si kwa mdomo, Baba Ndizeye. Vizuri."

"Vizuri," Dismasi akasema.

Mzee Havyarimana alikuja na jembe, kiti chake cha miguu mitatu, na Biblia ndani ya mfuko wa plastiki. Hakumwuliza Dismasi kuhusu kosa. Dismasi alimwonyesha ile karatasi iliyopigwa mstari, mzee akaitazama kwa heshima akamrudishia. Karatasi hazikuwa kitu kwake. Alipandishwa mbele, akakaa katikati ya Dismasi na Feliksi, jembe limesimama baina ya magoti, na watu wengine wakajaa nyuma chini ya turubai.

Safari nzima mzee hakutazama barabara. Aliitazama mikono ya Dismasi. Feliksi naye, kwa kuwa ndiyo kazi aliyopewa, aliitazama mikono ya Dismasi. Sijui kama umewahi kufanya kazi huku watu wawili wamekukodolea macho vidole. Nzi alimtua Dismasi usoni, akatembea kutoka shavuni hadi kwenye nyusi, akapumzika, akaondoka kwa hiari yake. Jasho liliingia jichoni, akalia kwa jicho moja. Walipoanza mteremko wa huko Manyovu, mzee alishika mpini wa jembe kwa mikono yote miwili, midomo ikienda bila sauti.

"Databukwe," Dismasi akamwambia, maana ndivyo Warundi wanavyomwita baba mkwe, "nipo."

Feliksi alimtazama mzee, kisha akamtazama Dismasi. Hakuna aliyemwambia kisa cha lile lori la zamani, lakini alikuwa mkaguzi, na kuna vitu ambavyo hata mkaguzi huviona. Akakifunga kifuniko cha kalamu yake.

Walivuka. Upande wa pili watu wakashushwa, mizigo ikashushwa, majina yakaitwa. Kiongozi wa msafara akapiga filimbi: malori yageuze mara moja, yarudi kabla giza halijaingia, barabara nyembamba, dereva asishuke. Dismasi akageuza. Malori mengine yakamfuata nyuma, injini zinanguruma, honi zinahimiza. Na pale kando ya barabara, jembe begani, kiti mkononi, alikuwa amesimama Mzee Havyarimana.

Dismasi akasimamisha gari. Akavuta breki ya mkono, ikalia. Akazima injini. Akachomoa ufunguo, akampa Feliksi.

"Shika, Bwana Mkaguzi. Usije ukasema lilikuwa mwendoni."

Akafungua mlango akashuka. Akamsogelea baba mkwe wake mpaka karibu, akasimama, mikono ikining'inia tu, kwa sababu ilikuwa imeshika ule usukani tangu alfajiri na ilikuwa haijaamini kwamba imeuachia.

Mzee aliitazama mara ya mwisho.

"Haya," alisema. "Sasa unaweza kuachia."

Dismasi akainama, akapiga makofi. Aliaga kwa niaba yake mwenyewe. Kisha akaanza upya, akaaga kwa niaba ya Lyse, vizuri, habari moja baada ya nyingine: nyumba, watoto, surua, shamba, mpaka wakafika kwa mama yake Lyse, na hapo makofi yakawa ya polepole sana na wote wawili walikuwa wanalia bila kuficha. Nyuma honi zilipiga kelele. Dereva wa lori la pili alitoa kichwa dirishani, akauliza kwa matusi kuna nini huko mbele.

Feliksi alikuwa ameshashuka. "Gari limesimama!" akamjibu kwa ukali. "Nimelikagua mwenyewe! Zima injini!"

Kisha Mzee Havyarimana, alipomaliza na mkwewe, akamgeukia yule mgeni mwenye suruali ya pasi, kwa kuwa walikuwa wamesafiri pamoja na haifai kumwacha mtu hivihivi. Akaweka jembe na kiti chini, akampigia makofi, akamtakia safari njema ya kurudi. "Murabeho," alisema.

Feliksi alikuwa na ufunguo mkono mmoja na ubao wa fomu mkono mwingine. Akatia ufunguo mfukoni. Akatafuta mahali pa kuweka ubao, hapakuwepo, akauweka chini kwenye vumbi. Alipiga vibaya, kwa kelele nyingi, kama mtu aliye kwenye mkutano wa hadhara, lakini alipiga kwa mikono yote miwili.